Vifaa vya matengenezo madogo nyumbani: kipi ununue kwanza na kizuri unakijuaje ukiwa dukani

Ukienda Gerezani pale Kariakoo au hadiwea yoyote ya mtaani kwako ukamwambia muuzaji nataka vifaa vya nyumbani, mara nyingi atakushushia lile begi la plastiki lenye vipande mia na kitu, kila kimoja kimekaa kwenye kitundu chake, vinang'aa, na bei ukiigawa kwa idadi ya vipande inaonekana ni bure kabisa. Ushauri wangu usilichukue. Ukilifungua vizuri unakuta zaidi ya nusu ni vibiti vya bisibisi na spana za boksi ndogo ndogo ambazo nyumba ya kawaida haina hata nati ya kuzifungia, halafu vile vichache utakavyovitumia kila wiki, yaani plaizi, nyundo na bisibisi, ndo vimetengenezwa kwa chuma laini kuliko vyote. Hela hiyo hiyo inakupa vifaa vinne au vitano vya maana, na vingine unaongeza mdogo mdogo kadri nyumba inavyodai.

Naandika kwa kuangalia zaidi nyumba zetu za Bongo, matofali ya simenti, maji ya PPR (yale mabomba ya plastiki yanayoungwa kwa moto) au bomba la chuma, kitasa cha mlango cha kawaida, makabati ya jikoni ya MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa), ila wa Mombasa au Kampala naye hatapata tabu maana mambo ni yale yale.

HATUA YA 1: Zunguka nyumba kabla hujazunguka maduka

Chukua simu, pita chumba kwa chumba, piga picha kila kinacholegea, kinachodondosha na kinacholia. Kitasa cha mlango wa chumbani kinachezacheza, bawaba ya kabati imeshuka mlango hautaki kufunga, koki ya jikoni inadondosha usiku kucha, kitanda kinapiga kelele, fimbo ya pazia imeng'oka na kipande cha plasta, plagi ya pasi imeyeyuka. Usiishie kupiga picha kitu chenyewe tu, sogeza simu karibu mpaka uone kichwa cha skrubu, maana hicho ndo kitakachokwambia ununue bisibisi gani. Kwenye nati chukua rula upime upana kutoka ubapa mmoja mpaka wa pili, andika milimita.

Angalia na ukuta. Ukigonga kwa kifundo cha kidole ukasikia uwazi hiyo ni jipsamu au mbao, ukisikia umejaa hiyo ni simenti, na hizi mbili zinataka vitu tofauti kabisa vya kuning'inizia. Kama umepanga, ongea na mwenye nyumba kabla ya kutoboa ukuta au kugusa mabomba, kuna mengine ni jukumu lake.

Hiyo orodha ndo ya kwenda nayo dukani. Bila hiyo orodha muuzaji atakuchagulia yeye.

HATUA YA 2: Bisibisi, hapa usibanie hela

Bisibisi ndo kifaa kinachotumika kuliko vyote na ndo kinachoharibu vitu kuliko vyote kikiwa kibovu. Skrubu ikishaliwa kichwa, kazi ya dakika mbili inageuka ya nusu siku, unatafuta drili ya kuitoboa, unachubua mlango, mwisho unaita fundi kwa skrubu moja.

Watu wengi wanajua kuna bapa na nyota, basi. Ila nyota za majumbani ziko aina mbili na hapo ndo skrubu nyingi zinapoliwa. Iko ya kawaida inayoandikwa PH kwenye shina, na iko inayoandikwa PZ. Chukua skrubu ya bawaba ya kabati la kisasa uiangalie kwenye mwanga, ukiona kati ya mikono minne ya ule msalaba kuna vistari vyembamba vingine vinne kama vimechorwa kwa sindano, hiyo ni PZ. Ukiifungua kwa bisibisi ya PH utahisi inaingia, ila haikai mpaka chini, ukikaza tu inaruka na kila ikiruka inakula chuma kidogo. Na PZ kwenye skrubu ya PH nayo haizami vizuri. Ukiwa na PH2 na PZ2 umemaliza sehemu kubwa ya nyumba, ongeza PH1 kwa skrubu ndogo, bapa moja ya milimita 5 au 6, na bapa nyembamba ya milimita 3 hivi kwa ajili ya viskrubu vya ndani ya plagi na soketi. Jumla ni bisibisi tano, ukinunua moja moja unachagua kila moja kwa macho yako.

Sasa unaijuaje nzuri? Kwanza ncha. Kingo ziwe kali na zimekatwa sawa, zisiwe za mviringo kama zimeyeyuka, na kwenye bisibisi nyingi nzuri ncha inakuwa nyeusi au ya kijivu iliyofifia wakati shina linang'aa. Pili maandishi, tafuta CR-V kwenye shina, maana yake chuma kimechanganywa na kromiamu na vanadiamu, japo siku hizi mtu anaweza kuchapa chochote kwa hiyo usiishie kusoma. Tatu, na hii ndo kipimo chenyewe, nenda na skrubu mfukoni uliyoitoa kwenye bawaba yako, iweke kwenye ncha, ishike bisibisi kwa usawa. Ikikaa bila kudondoka wala kucheza, hiyo inakufaa, na kama inayumba kushoto kulia mrudishie. Mwisho shika mpini kwa mkono mmoja na shina kwa mwingine uzungushe kwa nguvu vinyume, kukiwa na kitu kinateleza ndani hata kidogo hiyo achana nayo.

Ukitumia, nguvu kubwa iwe ya kusukuma kwa mbele, ya kuzungusha inafuata. Skrubu iliyoanza kuliwa jaribu kuweka kipande cha mpira mwembamba, ule wa kufungia noti, kati ya ncha na kichwa halafu sukuma kwa nguvu ukizungusha taratibu, mara nyingi inakubali kutoka. Ikitoka itupe, weka mpya.

HATUA YA 3: Spana malaya na plaizi

Hizi zinaenda pamoja kwa sababu watu wanatumia moja kufanya kazi ya nyingine. Plaizi sio ya kufungulia nati. Meno yake yanashika kwenye kona, yanateleza, nati inakuwa duara na baada ya hapo hata spana nzuri haiwezi kuishika tena. Nenda jikoni kwenye nyumba yoyote uinamie chini ya sinki uangalie nati ya fleksibo, ule mpira unaonyumbulika wa kuleta maji kwenye koki, ukikuta imekwanguliwa pembeni ujue mtu alipita na plaizi.

Spana malaya, ile unayopanua na kubana mdomo wake, nunua ya inchi 10. Najua ya inchi 8 ni nyepesi na bei yake ni nafuu, ila nati ya fleksibo ya nusu inchi mara nyingi ina upana wa milimita 24 hivi, na spana nyingi za inchi 8 zinafikia hapo hapo mwisho wa mdomo wake. Ya inchi 10 inafungua karibu milimita 30, kwa hiyo inakufaa kwenye koki na kwenye viungio vingi vya bomba la nusu inchi. Ukiwa dukani ifungue nusu, shika lile taya linalotembea ulitingishe juu chini na mbele nyuma. Kucheza kidogo sana ni kawaida ila likiinama kabisa na kuacha pembe hiyo itakula nati zako zote. Zungusha ile skrubu ya kurekebishia toka mwanzo mpaka mwisho, iende laini bila kukwama katikati.

Na kuna namna ya kuishika ambayo wengi hawafundishwi. Taya moja limeungana na mpini, jingine linatembea. Nguvu iende kwenye lile lililoungana na mpini, maana yake unazungusha kuelekea upande lilipo taya linalotembea. Ukiigeuza kinyume unalisukuma taya dhaifu lifunguke na hapo ndo inaporuka na mkono unagonga ukuta. Kila ukiihamisha kaza tena mpaka ishike nati bila nafasi.

Plaizi chukua ile ya kawaida ya inchi 8, yenye meno mbele, sehemu ya duara katikati na kikatio karibu na kiungo. Ifunge uinyanyue kwenye taa, ncha zigusane sawasawa na pale kwenye kikatio usione mwanga unapita kote kote. Kata karatasi nyembamba kwa kile kikatio, ikikatika safi ni nzuri, ikikunjika tu ujue hata waya itakuwa unautafuna. Ule mpira wa rangi kwenye mikono usikudanganye kwamba ni kinga ya umeme, mwingi ni wa kushikia tu. Iliyotengenezwa kwa umeme inaandikwa 1000V pamoja na alama ya pembetatu mbili zilizolaliana, na hata hiyo sio ruhusa ya kugusa waya wenye moto.

HATUA YA 4: Nyundo, na habari ya ukuta

Nyundo ya kucha yenye kichwa cha gramu 450 hivi, zile zinazoandikwa 16 oz, inatosha nyumba nzima. Nyepesi kuliko hapo utagonga mara nyingi mpaka msumari upinde, nzito sana mkono unachoka na unakosea shabaha. Tafuta maandishi DROP FORGED, maana yake kichwa kimefuliwa. Vya bei ya chini sana mara nyingi ni chuma cha kumimina, kinaweza kumeguka kipande na kile kipande kinaruka popote. Kwa sababu hiyo hiyo usigonganishe nyundo mbili.

Mpini wa mbao mi naupenda maana unapunguza mtetemo na ukivunjika unauziwa mwingine, ila angalia kwa juu pale mbao inapotokeza kwenye kichwa, uone kabari imeingia vizuri, na mistari ya mbao iende urefu wa mpini isikatize kwa pembeni. Kichwa kikilegea kuna watu wanailoweka kwenye maji. Inakaza kweli, siku mbili tatu, halafu mbao ikikauka inalegea zaidi ya mwanzo. Gonga kabari mpya, au mpe fundi seremala akutilie.

Ukuta wa simenti haupokei msumari wa kawaida, unapinda au unamegua plasta. Iko misumari ya zege, migumu, inaingia ila inaweza kukatika na kuruka, kwa hiyo vaa miwani ya kinga, sio hiari. Kitu kizito kama fimbo ya pazia au shelfu hakikai kwenye msumari, kinataka tundu la drili, fisha (kile kiplastiki kinachoingia tunduni kushika skrubu) na skrubu. Drili sidhani kama ni lazima uwe nayo kwa kuanzia, azima kwa jirani au mlipe fundi akutobolee matundu yote kwa siku moja. Wewe uwe na fisha za milimita 6 na 8 na skrubu zake, na ukumbuke namba ya fisha ndo namba ya biti ya ukutani.

Tindo, kile chuma cha kuchimbulia kinachogongwa na nyundo, ni nzuri kuwa nayo kama nyumba ni yako na unachimbua plasta mara kwa mara. Za mafundi wanaofua chuma mtaani, kama wale wa jua kali wa Kamukunji kule Nairobi, nyingi ni ngumu na zinadumu. Kichwa cha tindo kikianza kuchanua kama uyoga kwa sababu ya kugongwa, kinoe kwenye jiwe la umeme mpaka kingo ziwe safi, maana vile vipande vya pembeni ndo vinavyoruka machoni.

HATUA YA 5: Futi na pima maji

Futi, yaani utepe wa kupimia urefu, ya mita 5 inatosha. Ule ulimi wa chuma pale mwanzoni ukichezacheza kidogo usiseme ni mbovu ukamrudishia muuzaji, umetengenezwa hivyo makusudi, unatembea kiasi cha unene wake wenyewe ili upate kipimo sahihi ukivuta kwa nje ya ubao na ukisukuma kwa ndani ya kona. Usichotaka ni ulimi uliopinda. Chagua yenye utepe mpana, ile nyembamba inakunjika ukiinyoosha mita moja tu.

Pima maji, ile yenye povu la kuonyesha kama kitu kimekaa sawa, ipime kabla ya kulipa. Iweke juu ya kaunta, angalia povu limekaa wapi, igeuze kulia iwe kushoto pale pale, povu likae sehemu ile ile. Likihama hiyo pima maji inadanganya, chukua nyingine.

HATUA YA 6: Msumeno wa chuma na kisu

Msumeno wa chuma unaotumia wembe wa inchi 12 utakata bomba la plastiki, kufuli iliyoshika kutu, skrubu iliyozidi urefu. Fremu ikazike vizuri, ukiupiga wembe kwa kucha utoe mlio mkali. Meno yaelekee mbele, mbali na mpini, kwenye wembe kuna mshale unaonyesha. Meno 24 kwa inchi ni ya kazi nyingi, 32 kwa bati na vitu vyembamba, 18 kwa plastiki na vitu vinene, na cha kukumbuka ni kwamba meno kama matatu hivi yawe yamegusa unene wa kile unachokata, yakipungua yanang'oka. Kisu cha kukunja au cha kusukuma chenye wembe wa kubadilisha, ndo hivyo tu.

Kuhusu PPR, kukata unaweza mwenyewe ila kuunga ni lazima mashine ya kuyeyusha kwa moto, hakuna gundi wala tepu itakayoshika pale. Hapo ita fundi.

HATUA YA 7: Testa, na mipaka ya umeme

Umeme wa nyumbani ni volti 230 na hauna msamaha. Testa ya bisibisi yenye kitaa kidogo ni ya lazima hata kama huna mpango wa kugusa umeme, angalau ujue koki au bodi ya friji ina moto. Namna ya kuitumia iko hivi. Kwanza igusishe kwenye soketi unayojua ina umeme, kidole kikiwa kwenye kile kichuma cha nyuma, kitaa kiwake. Zima meni swichi. Pima pale unapotaka kufanya kazi. Halafu washa tena meni, uipime kwenye ile soketi ya mwanzo uone bado inawaka, zima, ndo ufanye kazi. Watu wanaruka hiyo hatua ya kuijaribu kabla na baada, testa imekufa wanadhani umeme ndo umekatika. Na usiitumie ukiwa peku kwenye sakafu yenye maji. Testa hiyo usiigeuze bisibisi ya kukazia skrubu ngumu, ikipasuka hata ufa mdogo itupe.

Za kufanya mwenyewe ni kubadilisha taa, plagi na fyuzi ya plagi. Kwenye plagi ya miguu mitatu waya wa kahawia unaenda upande wa fyuzi, wa bluu upande wa pili, wa kijani na njano unaenda mguu mrefu. Waya wa zamani una nyekundu badala ya kahawia na nyeusi badala ya bluu. Plagi na kebo nunua zenye alama ya shirika la viwango, yaani TBS, kwa Kenya KEBS, hapa usitafute bei chee. Kuanzia ndani ya ukuta, kwenye bodi ya breka, au kuongeza soketi, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji Tanzania), na mita ya TANESCO hata kifuniko chake usikiguse.

HATUA YA 8: Kopo la vitu vidogo

Hivi havipigi picha nzuri ila siku koki imepasuka saa nne usiku ndo vinakuokoa. Tredi tepu, ule utepe mwembamba wa kuzungushia nyuzi za bomba maji yasivuje, mizunguko miwili mitatu, iwekwe kwa kufuata upande wa kukazia, ukizungusha kinyume inajivua yenyewe unapokaza. Washa za mpira za nusu inchi, fleksibo moja ya akiba, tepu nyeusi ya umeme, skrubu za mbao za inchi 1 na moja na nusu, misumari ya inchi 2 na 3, waya wa kufungia, fyuzi za plagi. Na tochi ya kuvaa kichwani, maana chini ya sinki unahitaji mikono yote miwili.

Vya mtumba usivikimbie. Spana na plaizi za zamani zilizotoka nje unaweza kukuta ni chuma bora kuliko mpya za bei ile ile, kutu ya juu inatoka kwa brashi ya waya na mafuta. Zipime kwa namna ile ile, taya, kiungo, ncha.

Kwa walioko pwani, Dar, Tanga, Unguja, Pemba, hewa ya chumvi inakula chuma haraka. Ukimaliza kazi futa jasho la mkono kwenye kifaa, pitisha kitambaa chenye mafuta ya cherehani kidogo kwenye viungo na kwenye shina, weka kwenye boksi kavu au kisalfeti chenye chumba kwa kila kifaa. Usiviweke sakafuni stoo wala karibu na dawa za klorini za kusafishia choo, mvuke wake unavipa kutu hata vikiwa ndani ya boksi.

Kama bajeti ni ndogo kabisa mwezi huu, anza na PH2, PZ2, spana malaya ya inchi 10 na testa. Mwezi unaofuata plaizi na nyundo. Futi, msumeno na pima maji vinaweza kusubiri mpaka kazi yake ije, na unaweza kuazima.